Jina la Prosesa Silo Kazi Yake

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Mimi niliyetumika miaka mingi katika ghala la jeshi, nikipokea na kutoa viatu, mablanketi na sufuria, naongeza ya kwamba jina kubwa nalo huweza kuvunja upishi. Kitu hakipimwi kwa maandishi yaliyo juu ya sanduku, bali kwa kazi kitakayoifanya. Jambo hili twalijua vema tununuapo viatu. Tununuapo kompyuta, aghalabu hutupotea.

Binti yangu, ambaye mumewe ni askari polisi, alikusudia kufungua kibanda cha kupiga chapa na kutengeneza picha karibu na lango la kambi. Fedha aliyokuwa nayo ni akiba ya miaka mitatu, iliyotokana na kuku wake na mchango wa kina mama wenzake. Dukani alionyeshwa kompyuta mbili za mezani. Ya kwanza, iliyokwisha kutumika, ilikuwa na prosesa ya Intel Core i7-2600. Ya pili, iliyozidi kwa bei, ilikuwa na Core i3-12100.

"Baba," aliniuliza, "saba si kubwa kuliko tatu? Kwa nini nilipe zaidi nipate iliyo ndogo?"

Swali hilo ni la haki, na jamaa wengi wanajiuliza vivyo hivyo. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta: kila hesabu, kila herufi na kila picha hupita humo. Lakini tarakimu hizo 7 na 3 hulinganisha prosesa za toleo moja tu. Mtunza ghala anajua kwamba namba ya kiatu cha kiwanda kimoja hailingani daima na ya kiwanda kingine. Hizi mbili si za toleo moja. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011, na Core i3-12100 Januari 2022. Kati yao imepita miaka 11.

Ajabu ni kwamba ukizisoma kwenye karatasi utazidhania mapacha. Kila moja ina viini 4 vya kufanyia kazi, na kila moja huweza kushika mikondo 8 ya kazi kwa pamoja. Mwendo wa kawaida wa ile ya zamani ni gigahezi 3.4, na wa ile mpya ni 3.3. Zinapokazana, ya zamani hufika 3.8 na mpya hufika 4.3. Asemaye kwamba gigahezi ndiyo kasi ataona tofauti ndogo tu.

Hapo nilimpa binti yangu mfano wa gwaride. Askari wawili wakipiga kila mmoja hatua 120 kwa dakika, hawatafika mahali pamoja ikiwa mmoja ana hatua fupi na mwenzake ndefu. Gigahezi ni hesabu ya hatua. Haisemi urefu wake. Prosesa mpya hutimiza amri nyingi zaidi katika kila hatua. Tena ina hifadhi ya ndani ya megabaiti 12, na ile ya zamani ina 8, nayo hutumia kumbukumbu ya aina iliyo nyepesi zaidi. Kwa kazi inayotegemea kiini kimoja, hukaribia kuwa na nguvu mara mbili ya mwenzake.

Hata hivyo sikutaka aamini maneno matupu. Muuzaji, mtu mwungwana, alikubali tuzijaribu zote mbili, zikiwa na diski za aina moja na kumbukumbu ya kiasi kimoja, kwani kompyuta yenye diski nzito huifedhehesha hata prosesa njema. Katika kupiga chapa barua, hatukuona tofauti yoyote. Tulipozipa picha nyingi za harusi zipunguzwe na kung'arishwa, mpya ilimaliza katika muda uliokaribia nusu ya ule wa mwenzake. Mteja anayesubiri picha akiwa amesimama mlangoni, nusu hiyo ndiyo humrudisha siku nyingine.

Kuna na mambo mengine mawili. Kiwango cha umeme kilichowekwa na mtengenezaji ni wati 95 kwa i7-2600 na wati 60 kwa i3-12100, ingawa hii huweza kupanda hadi 89 kwa muda mfupi. Pili, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i7-2600 haimo katika orodha ya prosesa zilizokubaliwa kwa Windows 11. Mwenye kuitunza humo picha na hesabu za watu lazima alifikirie jambo hilo.

Simdharau mzee huyo. Kwa mtoto anayejifunza kuandika, au kwa nyumba itakayotumia mfumo wa Linux, ingali inafaa, ilimradi bei yake iwe ya kitu cha mwaka 2011, si bei ya jina lake.

Binti yangu hakukopa. Alingoja miezi minne, akauza kuku wengine, ndipo akanunua ile ya i3. Wenzake wawili walimcheka kwa kuchukua "ndogo". Hakuwajibu, kwa kuwa kazi ilimngoja.

Basi, ndugu zangu askari, nanyi kina mama mnaoshika fedha za nyumba, muendapo dukani ulizeni mambo matatu: prosesa hii ilitoka mwaka gani, itafanya kazi gani kwangu, na je, naweza kuijaribu kwa kazi hiyo mbele ya macho yangu? Muuzaji akikataa hilo la tatu, shikeni njia mwende zenu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.