Naivasha, Magari Yanapojipima na Udongo

Asubuhi ya Naivasha ina baridi kwa mtu wa Uvira, Kongo. Kwetu Kalundu, jua likichomoza tu, Ziwa Tanganyika linaanza kutoa joto. Hapa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ukungu bado umelalia ziwa na watu wamejifunika shuka. Kibandani nakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Mama muuzaji, kusikia natoka Kongo, ananiongezea andazi la moto. "Karibu sana, baba. Leo utakula na vumbi letu!"

Matatu inatushusha mbali na Loldia, tutakakotazama magari, kwa kuwa barabara imefungwa mapema. Tunakwenda kwa miguu chini ya migunga ya shina la manjano, harufu ya leleshwa ikitupanda puani. Watoto wako mabegani mwa baba zao. Kijana nisiyemjua ananishika mkono kunivusha mtaro, kisha ananitafutia nafasi kwenye kilima.

Leo ni majaribio ya mwisho kabla ya mbio za magari za Safari Rally. Katika mbio za NASCAR kule Marekani, kasi ya mchujo ndiyo humpa dereva nafasi ya kuanzia. Majaribio ya hapa hayampi mtu nafasi. Ijumaa hutangulia wenye pointi nyingi za ubingwa wa dunia. Jumamosi na Jumapili anayeongoza huondoka nyuma ya wapinzani wake. Wa mbele hufagia changarawe, wa nyuma hupata njia safi. Mvua ikinyesha, hesabu hugeuka: wa nyuma hurithi matope yaliyochimbika.

Mngurumo unasikika kabla gari halijaonekana. Mara linachomoza, bomba la hewa limepandishwa hadi usawa wa paa lisimeze maji, na vumbi jepesi la majivu ya volkeno linatufunika sote. Vumbi hilo huficha mawe yanayopasua magurudumu. Tunakohoa, tunacheka, tunashangilia.

Adhuhuri, ufukweni, naletewa samaki wa kukaanga, ugali na kachumbari. Muuzaji ananiuliza habari za ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, na mezani tunajikuta ndugu: maziwa yetu mawili ni ya Bonde la Ufa, kila moja katika mkono wake. Wingu linapasuka. Tunabanana chini ya bati, na wazee wanaanza kusimulia: mbio zilizozaliwa 1953, Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, kisha ukimya wa ubingwa wa dunia baada ya 2002 hadi uliporejea 2021, Sébastien Ogier akashinda.

Jioni, mafundi wanaosha matope huku umati ukiwaita madereva kwa majina. Namkumbuka dereva wa lori anayepanda miinuko ya Ngomo kwenda Bukavu masika: anapunguza mwendo, anatazama rangi ya tope, anachagua mfuo. Bingwa wa dunia akija Naivasha hana budi kujifunza elimu hiyohiyo. Hilo ndilo linalonifanya niyapende mashindano haya: hayakulainishiwa ardhi yetu, yameiheshimu. Tangu 2024 hufanyika Machi. Njoo na viatu vya matope na koti la mvua. Nafasi kilimani utatafutiwa.