Nani Ameshika Wimbi

Kibarua kilionekana rahisi: nieleze kwa lugha ya kawaida jinsi programu za kuigiza mafuriko na mawimbi zinavyogawia prosesa kazi. Siku tatu, malipo kwa M-Pesa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo nusu ya mambo nilikuwa nayajua. Nusu nyingine niliisoma usiku, mama akiwa amelala.

Chukua tsunami ya Desemba 26, 2004. Ilianzia karibu na Sumatra, ikavuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, saa nyingi baadaye. Ukitaka kuiigiza, unafunika bahari kwa wavu wa visanduku, kila kimoja na hesabu yake ya kina na mwendo wa maji. Visanduku vidogo vinaona vizuri, lakini ukiviweka kila mahali, hata kompyuta kubwa itakwama. Mwaka wa 1984 Marsha Berger na Joseph Oliger walichapisha njia ya kukwepa hilo: macho ya wavu yawe madogo palipo na mambo tu. Wimbi likisogea, visanduku vidogo vinasogea nalo.

Sasa shida. Tuseme umegawa bahari kwa ramani, kila prosesa na kipande chake, sawa kwa sawa. Saa ya kwanza, iliyoshika Sumatra inavuja jasho. Iliyoshika Malindi inaota jua. Na haiwezi kutangulia, maanake kila hatua lazima zote zimalize ndio inayofuata ianze. Prosesa elfu moja zinangoja moja. Mgao ulikuwa wa haki, manze, lakini haki ya asubuhi.

Nikiandika hivyo, nilisimama kidogo. Mama alipopata kiharusi, tulikaa watoto watatu tukagawana. Kaka kodi, dada dawa, na mimi, ambaye eti sikuwa na majukumu, nikae naye. Siku hiyo ilikuwa sawa kweli. Alikuwa anatembea, anajilisha. Miaka miwili baadaye hainuki kitandani bila mtu. Kodi ni ile ile.

Kuna programu inaitwa p4est, ambayo Carsten Burstedde, Lucas Wilcox na Omar Ghattas waliieleza mwaka wa 2011. Haihangaiki na ramani. Inapitisha mstari mmoja kwenye kila kisanduku, kwa mwendo wa herufi Z, Z ndogo ndani ya Z kubwa, mpangilio ambao G. M. Morton wa IBM aliutoa mwaka wa 1966. Kisanduku kikigawanywa vinne, hivyo vinne vinakaa pale pale kwenye foleni. Halafu mstari unakatwa kama muwa, vipande sawa. Na kama visanduku vingine ni vizito, unakata kwa uzito, si kwa idadi. Wimbi likihama, unakata tena. Hakuna kikao.

Si bure, lakini. Kisanduku kinachohama kinabebwa na data yake yote. Mpakani, kila prosesa inaweka nakala za visanduku vya jirani, wanaziita mizuka, na lazima zisasishwe kila mara. Mstari wa Z pia unarukaruka, kwa hivyo mipaka huwa mirefu kuliko ile ya programu kama METIS, ambazo hutafuta mikato mifupi. Ila hizo zinataka muda zaidi wa kufikiria, na wimbi halingoji.

Kazi niliituma Alhamisi. Ijumaa usiku nikaandika kwenye grupu ya familia kila kitu cha wiki nzima, kwa mstari mmoja: kumgeuza saa nane usiku, kumwosha, uji, kliniki ya Jumanne, dawa, kodi, kufua mashuka. Kando ya kila kimoja nikaweka saa kinazokula. Sikuweka majina.

Tiki zikageuka bluu. Kaka akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Hii ya saa nane usiku, ni kila siku?"