Kondoa kwa Siku Moja: Safari ya Wafanyakazi wa Babati

Kila msimu wa kiangazi magari ya watalii hupita Babati yakielekea Hifadhi ya Tarangire, na watoto wetu husimama kando ya barabara wakiyapungia mikono. Siku moja binti yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, aliyatazama mpaka yakapotea, kisha akaniuliza, "Baba, na sisi tukitaka kutembea, huwa tunakwenda wapi?" Nilijikuta sina jibu. Nimeishi katika mji huu zaidi ya miaka ishirini. Ninalijua soko, ninaijua karakana ninamofanya kazi, Ziwa Babati na viboko wake, na Mlima Kwaraa unaouinamia mji. Zaidi ya hapo, safari zangu zote zimekuwa za misiba na harusi.

Nilipowaeleza wenzangu kazini, ilidhihirika kwamba hali yao haikuwa tofauti na yangu. Basi tukakubaliana kuchanga. Kwa muda wa miezi mitatu kila mmoja wetu alimkabidhi mtunza fedha kiasi kidogo kila alipopokea mshahara, na mwishowe fedha zikatosha kukodi basi dogo la siku moja, kulipa viingilio, na kumlipa mtu wa kutuongoza. Tulichagua kwenda Kondoa. Si mbali, kwani ni kiasi cha kilomita 100 tu, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, safari iliyokuwa ikiwatesa watu kwa vumbi na matope imekuwa ya saa chache. Njiani kuna Kolo, penye michoro ya kale ya miambani. Na Kondoa yenyewe ni mji wa kale, uliojulikana na wasafiri wa misafara kabla ya reli na kabla ya motokaa.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitaja kikaoni. Baba yangu mzazi, ambaye sasa ana umri wa zaidi ya miaka sabini na anaishi nyumbani kwangu, ni Mrangi wa vilima vya Irangi. Aliondoka huko mwaka 1979 akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake kuelekea nyika za chini, na hakurudi tena kuishi. Wajukuu wake walijua kwamba babu ametoka Kondoa, lakini kwao Kondoa lilikuwa jina tu. Nilipomwomba tufuatane, alikataa mara mbili. "Nikatazame nini?" aliniuliza. "Niliacha makorongo." Mara ya tatu hakukubali wala kukataa, alfajiri ya Jumamosi ile nilimkuta tu ameketi uani, amevaa koti lake na kofia, fimbo mkononi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, watu ishirini na wawili pamoja na watoto. Akina mama walikuwa wamefunga viazi vitamu, chapati, mayai ya kuchemsha na chupa za chai, maana anayenunua kila kitu njiani hurudi na deni. Baada ya Bonga barabara hupanda, hewa hupoa, na punde unaingia Bereko, ambako mkoa wetu wa Manyara unapakana na Dodoma. Kuanzia hapo vilima vya Irangi hufuatana kama mawimbi. Baba alikuwa amekaa dirishani. Watoto walimuuliza majina ya milima, naye aliwajibu kwa neno moja moja.

Kolo ni kijiji kidogo kando ya barabara kuu, kilomita ishirini na kitu kabla ya kufika mjini Kondoa. Hapo ipo ofisi ya Mambo ya Kale, na kila mgeni hutakiwa kujiandikisha, kulipa kiingilio, na kupewa mwongozaji. Ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, na ya watoto ni ndogo zaidi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mtaratibu. Alimwamkia mzee kwanza, kisha akatueleza sharti moja kabla ya jingine lolote: "Tutatazama kwa macho. Hakuna kugusa, hakuna kumwagia maji." Alitueleza kwamba zamani baadhi ya wageni walizoea kuirushia michoro maji ili rangi ing'ae wapate picha nzuri, na kwamba kila tone lilichukua kidogo cha rangi ile. Mkono nao huacha jasho na mafuta. Mwamba uliovumilia jua na mvua kwa maelfu ya miaka unaweza kuharibiwa na darasa moja la wanafunzi kwa dakika kumi.

Basi lilituacha njia ilipokuwa mbaya, tukaendelea kwa miguu. Mpando wa mwisho ni mkali. Mwenye viatu vya kanisani atajuta. Nilimshauri baba abaki kivulini, lakini alikwishatangulia. Juu kabisa miamba mikubwa imetokeza mbele mfano wa paa la kibaraza, na chini ya paa hilo, katika ukuta wa jiwe, ndipo ilipo michoro.

Mwanzoni huoni kitu ila madoa mekundu. Kisha macho huzoea, na madoa yanageuka kuwa twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, mithili ya waliosuka nywele au kuvaa vinyago. Kuna mchoro mmoja mashuhuri ambamo mtu wa katikati ameshikwa mikono na wenziwe wa kila upande. Wapo wataalamu wanaosema ni mwanamke anayetekwa nyara, na wapo wanaosema ni ngoma ya uganga. Watoto wetu walibishana kuhusu jambo hilo kwa bidii, na mwongozaji akawaacha wabishane.

Michoro hii si ya pango moja. Katika miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, kumehesabiwa zaidi ya mahali 150 penye michoro, na mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliiweka sehemu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huku wakainakili michoro mingi sana; kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1983. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, na wataalamu wengi huihusisha na wawindaji na wachuma matunda, watu wa jamii iliyo karibu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Ile myeupe, yenye mistari minene, ilikuja baadaye pamoja na wakulima. Umri wake kamili bado unabishaniwa. Lakini huko Kisese, katika eneo hilihili, mahali palipochimbwa mwaka 1956 zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Binti yangu alipolisikia hilo alishika shanga zake mwenyewe shingoni.

Wala mahali hapa hapajafa. Mungomi wa Kolo, kama wenyeji wanavyopaita, bado ni mahali pa kuombea mvua na kutafutia uponyaji. Baba alinyamaza muda wote. Niliona kwamba alikuwa amefunga mikono yake nyuma, kama mtoto aliyeonywa. Alipoulizwa na mjukuu wake kwa nini anasimama hivyo, alijibu, "Naizuia. Mkono wa mtu hupenda kujaribu."

Tulipogeuka kushuka tuliliona bonde. Hapo ndipo mzee alipoanza kusema, na wote tukaketi juu ya mawe kumsikiliza.

Alitueleza kwamba alipokuwa kijana, vilima hivi vilikuwa vyekundu kama michoro ile. Miaka mingi watu na mifugo walisongamana huku juu, kwa kuwa nyika za chini zilikuwa na mbung'o na malale. Misitu ilifyekwa, ng'ombe wakamaliza nyasi, na kila mvua iliponyesha udongo ulitelemka na maji. Makorongo yakawa makubwa kiasi cha kumeza nyumba. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kwa jina la HADO, wa kuchimba matuta na kupanda miti. Matuta peke yake hayakutosha, na mwaka 1979 ilitolewa amri kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, la kilomita za mraba 1,256. Mifugo ipatayo 90,000 iliondoka. Katika hiyo walikuwamo ng'ombe kumi na saba wa babu yangu. Baba aliwaswaga kwenda kwa jamaa nyikani. Wengine walikufa kwa maradhi ya huko, wengine waliuzwa, na yeye akaja Babati kutafuta kibarua. Hayo sikupata kuyasikia kwa mfululizo hata siku moja.

"Na sasa?" mmoja wa wenzangu aliuliza.

Mzee alinyoosha fimbo. Mteremko wa mbele yetu ulikuwa na miti na vichaka, nyasi zilifika magotini, na katika sakafu ya korongo la kale palikuwa na shamba la miwa na migomba. Alitazama kwa muda mrefu. "Korongo lile," alisema, "nililivuka na ng'ombe. Lilikuwa na mchanga mtupu." Hakuongeza neno.

Tuliwasili Kondoa mchana, njaa ikiwa imetushika. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, chakula cha wenyewe, na watoto waliokuwa wamezoea wali waliomba waongezwe. Kisha tukaenda kuiona chemchemi, maana mji wa Kondoa hauwezi kuelezwa bila maji yake. Maji safi hububujika ardhini, wala hayangoji masika. Kwa sababu ya maji hayo misafara ya pwani ya karne ya 19 ilipumzika hapa, na baadhi ya wafanyabiashara wakajenga na kuoa. Ndipo mji ukapata misikiti yake na Kiswahili chake. Kwa sababu ya maji hayohayo Wajerumani walijenga boma.

Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vilipita njia tuliyoipita sisi. Mwezi Aprili 1916 askari wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali Van Deventer, walitoka upande wa Arusha, wakapita Ufiome, jirani na Babati ya leo, wakaiteka Kondoa. Mvua ikawafungia njia na farasi wao wakafa kwa wingi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, Von Lettow-Vorbeck alijaribu kuurudisha mji mikononi mwake akashindwa. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya pande zote mbili hawakuandikiwa nguzo. Tuliwaeleza watoto habari hizo tukiwa tumesimama karibu na maji, ili wajue kwamba mtaa mtulivu nao una mambo yake.

Saa kumi jioni tulianza kurudi. Mlangoni mwa basi niliwaona akina mama wakiwa na madumu madogo ya asali na mafungu ya karanga, ununuzi pekee wa siku ile. Tulipokaribia Bereko, mzee alimwomba dereva asimame. Alishuka taratibu, akavuka mtaro, akausogelea mti mmoja mkubwa wa kupandwa, akaugonga kwa kiganja mara mbili kama mtu anayempapasa ng'ombe ubavuni. Huo haukuwa mchoro. Ulikuwa mti, na hakuna aliyemkataza kuugusa. Alipopanda tena aliniambia kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wetu ndio walioilipia miti hii. Nilidhani walipotea bure."

Tulifika Babati saa mbili usiku. Gharama yote ya familia yangu, pamoja na chakula, haikufikia fedha ambazo wengi wetu huzitoa kwa mchango wa harusi moja. Kwa msomaji atakayependa kufuata nyayo zetu, ninashauri haya: nendeni kwa kikundi ili kugawana nauli, ulizeni ada za mwaka huu ofisini Kolo kabla ya kufunga hesabu, ondokeni alfajiri, ili mpande mlima kabla ya jua kali, chukueni maji ya kunywa na viatu imara, na msiwakimbize watoto mbele ya michoro, kwa kuwa macho yao hutaka muda kama yenu. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyezaliwa kando ya njia mtakayopita, mwombeni afuatane nanyi. Akikataa mara mbili, ombeni mara ya tatu.

Juma lililofuata binti yangu alisimama tena barabarani, na magari ya watalii yakapita. Aliyapungia mkono kama kawaida. Kisha akamwambia rafiki yake, "Hawa bado hawajafika kwa babu yangu."