Vitu Vyetu Huazimwa

Natunza chumba cha kumbukumbu katika kijiji kimoja cha milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Zamani kilikuwa ghala la kahawa la chama cha msingi. Leo kina majembe, vinu, vyungu, ngoma, picha za harusi na kipaimara, na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Mgeni akiingia huuliza kwanza: waasisi wa hapa ni akina nani? Anatarajia nimwonyeshe chifu na padre.

Sikatai kuwataja. Wabenediktini walifungua misheni ya Kigonsera mwaka 1899, na kila kahawa inapozungumziwa huku, jina la Chifu Chrisostomus Makita halikosi. Lakini hao wameshaandikwa. Tena kahawa haikukuta mlima mtupu, ilikuta ngoro, kilimo chetu cha mashimo na matuta.

Wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, wakazilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote ukajaa miraba. Wanawake hufuata na majembe: huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta pande nne. Maharage hupandwa kwenye matuta yapata mwezi Machi. Mahindi huingia mvua mpya zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Maji yanayoshuka hunaswa shimoni kabla hayajapata mbio za kubeba udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Ofisa mmoja wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika juu ya kilimo hiki mwaka 1938. Miaka ya 1950 serikali hiyo hiyo iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi, hadi zikazuka ghasia mwaka 1955. Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa. Mlima ulikuwa umeshalindwa.

Nani aliyeanzisha? Hatuna jina hata moja. Tuna majembe yaliyolika mpaka yakabaki na upana wa kiganja. Kwangu mimi hao ndio waasisi, na chumba hiki kimewekwa kwa ajili yao.

Hilo limetubadilishia namna ya kupokea vitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wake kwenye mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo ndicho cha kale. Kwa kipimo hicho, karibu kila kitu tulicho nacho kingeachwa mlangoni. Sisi hatuanzi na umri. Tunauliza nani alikishika, alikifanyia kazi gani, na ni nani leo anayeweza kuifanya kazi hiyo mbele ya watoto. Majibu huandikwa daftarini mwenye kitu akiwapo, kisha husomewa aseme kama ndivyo. Swali la tatu ndilo gumu. Jembe lisilo na mtu wa kulieleza tunalipokea, ila siku hiyo hiyo tunaanza kumtafuta mtu huyo, maana wenye kujua wanatangulia mmoja mmoja.

Hatununui kitu wala hatuchukui umiliki. Kinaingia kama amana. Bibi mmoja alipoombwa jembe la mama yake aliniuliza, "Sasa, mwanangu, mkilifungia humo, wajukuu nitawafundisha na nini?" Tukakubaliana kwamba msimu wa ngoro ukifika atakuja kulichukua, na watoto wa shule watamfuata shambani. Ndivyo ilivyo kwa vitu vingi humu. Mtoaji huazima, husaini, hutumia, hurudisha.

Mtihani mkubwa umetoka kwenye ngoma. Tuna ngoma kubwa ya mganda kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Wageni wanaotokea Liuli wamejaa hadithi ya Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Huniuliza kama nina kipande chochote cha meli. Sina, nami nawaelekeza kwenye ngoma. Mganda umebeba gwaride la wakati ule: safu zilizonyooka, hatua za pamoja, amri za kiongozi. Vijana wa ziwani waliichukua nidhamu ya askari wakaifanya mchezo wa kushindana kijiji kwa kijiji. Vita vya wakubwa vilidumu saa chache pale ghubani Liuli. Mganda unachezwa hadi leo.

Basi ngoma hiyo huenda kuchezwa. Safari moja ilirudi na ngozi mpya, ya zamani ikiwa imepasuka. Mtaalamu wa makumbusho angeshika kichwa, na ana haki. Ukungu wa milima hii, mchwa na wadudu watoboao mti vinatosha kuwa maadui, bila kuongeza wapigaji. Nilichofanya ni kuandika: ngozi imebadilishwa, aliyewamba ni fulani, alijifunza kwa fulani. Ngozi ya zamani imetundikwa ukutani. Tumepoteza kitu kikongwe na tumempata mwambaji, ambaye hatukujua kama yupo.

Sisemi kila makumbusho yafanye hivi. Pale Songea, Makumbusho ya Maji Maji yanasimama mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani, wengi wao tarehe 27 Februari 1906. Vitu vya pale ni ushahidi wa dhuluma, na ushahidi hauazimishwi. Vyetu ni vyombo vya kazi na vya furaha. Vikikaa bila kutumika, baada ya kizazi kimoja hata mimi sitaweza kumweleza mtu ni vya nini.

Sasa lami imefika Mbamba Bay, kule ziwani, na watalii wanaanza kutajwa vikaoni. Kila anayetaka kutusaidia huanza na makabati ya vioo. Nimejifunza kujibu hivi: kabati moja linatosha, kwa picha na karatasi. Fedha nyingine ilipe nauli ya wazee waje kufundisha msimu wa ngoro, na posho ya kijana wa kuandika wanayosema. Mwenye kabati tu atakuwa na vitu vyetu. Hatakuwa na waasisi wetu.