Zamu ya Usiku na Njia ya Kurudi Kyela

Kutoka Chunya hadi Kyela ni safari ya kupanda na kushuka. Gari huvuka safu ya milima iliyo juu ya Mbeya, huteremka mjini, hupanda tena, hupita Tukuyu iliyo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kona kwa kona. Chai huachia migomba, migomba huachia mpunga na kakao, hadi uwanda wa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 470 tu. Hata aliyelala usiku kucha hufika amechoka. Vijana wengi tunaokutana nao katika njia hii hawakulala.

Hao ni wafanyakazi wa migodi ya dhahabu. Hutoka zamu ya usiku alfajiri na, kwa kuwa siku za mapumziko ni chache, huondoka papo hapo. Mmoja tuliyeketi naye tangu Mbeya alikuwa akienda Ikombe, kupita Matema, pale Wakisi wanapofinyanga vyungu na milima ya Livingstone inapoangukia ziwani. Alikuwa bado na gari jingine mbele yake, kisha mtumbwi. Kichwa chake kilikuwa kikigonga kioo, na kila alipotaka kuzama usingizini simu iliita: mama akiuliza amefika wapi.

Wazee wao waliifuata dhahabu hiyohiyo ya Lupa tangu miaka ya 1930, wengi kwa miguu. Safari ya miguu ilikuwa na rehema yake: jua likitua, mtu alilala.

Anayetutia hofu zaidi si abiria, bali yule anayerudi kwa pikipiki yake. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Basi Muislamu ambaye hajaonja pombe maishani mwake anaweza kuziteremka kona za Tukuyu kwa mikono ya mlevi, wala asijue, kwani usingizi wa sekunde chache haubishi hodi. Kahawa huuchelewesha tu.

Kwa maoni yetu, ni heri alale kwanza Mbeya, japo saa chache, kwa jamaa au gesti, na simu ya nyumbani imhimize hivyo badala ya kumharakisha. Msafiri ameruhusiwa kupunguza swala na kuahirisha funga. Familia nayo isione uzito kuahirisha pilau kwa siku moja.

Akifika, akumbukwe kwamba mchana wa Kyela ni wa joto. Apewe chumba chenye upepo, pazia zito na chandarua, maana mbu wa huku hawana simile. Habari za shamba, ada ya shule na kikao cha harusi zingoje hadi aamke mwenyewe.