Jina la Mama



Ukitaja Loliondo, wengi hukumbuka kikombe cha mwaka 2011 kule Samunge, ambako Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliwanywesha maelfu kwa shilingi 500. (Sisi wauguzi tuna yetu ya kusema juu ya wagonjwa walioacha dawa zao, lakini si leo.) Babu alifariki mwaka 2021, na foleni zile hazipo tena. Sisi tulikwenda kwa jambo jingine: akina mama wanne wa kanisa kutoka Karatu, kusaidia kliniki ya watoto.

Tulishuka Mto wa Mbu, tukapita Engaruka na Engaresero chini ya Oldonyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Vumbi lilitupaka hadi kope. Tulipokuta lami ya Sale mpaka Wasso, tulishukuru kwa sauti.

Chini ya mgunga, mama mmoja wa Kimasai alileta mtoto wa kiume wa miezi 8, mnene, mchangamfu. Tuliuliza alizaliwa na uzito gani. Mama hakujua, kwani hakumzaa yeye. Basi tukauliza, "Mama yake hasa ni nani?" Mkalimani alisita. Tukasisitiza. Alipotafsiri, yule mama alimfunika mtoto kwa shuka akageuka kwenda zake.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyetueleza. Yule mama hakujaliwa kuzaa, na mke mwenzake alimpa mtoto. Kwa Wamasai, kila nyumba ya mke hugawiwa ng'ombe wake, na mwana hurithi wale wa nyumba ya mama yake. Mtoto huyu atarithi hapa, siyo kule alikozaliwa. Kutafuta mama "hasa" ni kumvua urithi mbele za watu. Hatutetei ndoa za wake wengi, ila siku ile sisi ndio tuliohitaji kufundishwa. Tulimfuata, tukamwomba radhi, tukaandika jina lake kwenye kadi.

Jioni tulisoma Warumi 8. Kwa sheria ya Warumi wa siku za Paulo, aliyefanywa mwana alitoka mikononi mwa baba wa kwanza, akapewa jina jipya na haki ya kurithi. Sisi tangu darasa la ubatizo tulidhani "kufanywa wana" ni maneno ya kubembeleza tu. Kumbe ni habari ya jina na mali! Mungu hakutukaribisha kama wageni wa kulazwa sebuleni. Alitutia nyumbani mwake, warithi pamoja na Kristo, hata yule mama anayekaa benchi la nyuma akidhani dhambi zake za zamani bado zinasomwa mlangoni.

Njiani kurudi tulihesabu. Kati yetu wanne, watatu tunalea watoto wa ndugu waliofariki. Tukaulizana nani hutambulishwa kwa wageni kama "mtoto wa marehemu", na ada ya nani hulipwa mwisho. Gari likawa kimya.

"Wangu ana miaka mitatu kwangu," mmoja akasema, "bado ananiita shangazi."

"Wewe humwitaje?"

Hakujibu. Tulikuwa tumeanza kuteremka kuelekea Ziwa Natron.