Jina la Uvimbe

Wasomaji wangu, leo siasa tuziweke kando, tuingie tumboni.

Ukuta wa utumbo una misuli ambayo huiamrishi wewe. Inajibana na kujiachia yenyewe, ikisukuma ugali wako hata ukiwa umelala fofofo. Wataalamu huiita misuli laini. Mara chache sana, misuli hiyo huota uvimbe. Usio wa saratani huitwa leiomayoma. Wa saratani, leiomayosakoma.

Kwa miaka mingi, uvimbe mwingi uliotoka kwenye ukuta huo ulipewa moja ya majina hayo. Tiba ilikuwa kisu: mpasuaji anakata kipande cha utumbo chenye uvimbe, anaunganisha ncha zilizobaki, basi. Uvimbe ukirudi, dawa za kawaida za saratani zilisaidia kidogo mno.

Kumbe sehemu kubwa ya uvimbe huo haikuwa ya misuli kabisa! Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake huko Japani walionyesha kuwa unafanana na seli za Cajal, zile zinazoipa misuli ya utumbo mdundo wake. Ndani yake, protini iitwayo KIT mara nyingi huwa kama swichi iliyonasa: seli zinaamriwa kuongezeka usiku na mchana. Uvimbe huo leo unaitwa GIST. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha kidonge cha imatinibu, kinachoizima swichi hiyo, kwa wagonjwa ambao kisu peke yake hakiwatoshi.

Jina likabadilika, tiba ikabadilika. Kidonge hicho si tiba ya leiomayosakoma. Na leiomayoma ndogo ya utumbo mpana mara nyingine huondolewa kwa mpira wenye kamera, bila kupasua tumbo.

Sasa tuje kwetu. Tukiwa kwenye mabenchi ya hospitali, swali letu ndugu ni moja: "Daktari, umeutoa wote?" Ni swali zuri, maana kuutoa wote bila kuupasua bado ndiyo nguzo ya tiba. Lakini kwa macho, uvimbe wote huu unafanana. Tuongeze la pili: "Umepelekwa maabara ya patholojia? Umepimwa KIT?" Jina linapatikana huko, chini ya darubini. Bila jibu hilo, mgonjwa anarudi nyumbani na mshono, lakini hajui alichokuwa anaumwa.

Haya, nanyi ndugu yenu alipopasuliwa, mliuliza nini?